Shajara ya mradi: kucheza The Lurking Horror kwa Kiswahili barazani Mbeya

Naandika hatua kwa hatua ili mwenye hamu kama yangu asipoteze muda pale nilipopoteza mimi. Kuna mchezo wa kompyuta wa zamani, wa kutisha, usio na picha hata moja. Unasoma maelezo ya mahali ulipo, unaandika unachotaka kufanya, nao unakujibu kwa maandishi. Wote ni Kiingereza. Nataka watu wanaokaa barazani kwangu jioni waucheze kwa Kiswahili: wao watoe amri, wao waogope. Mimi ni fundi kompyuta, nina duka la kopi na uchapaji Soweto, Mbeya.

1 Juni 2024. Boksi

Mchezo unaitwa The Lurking Horror. Aliuandika Dave Lebling, ukatolewa mwaka 1987 na Infocom, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1979 na watu waliotoka chuo cha MIT. Lebling ni mmoja wa wale wanne walioandika Zork, mchezo wa maandishi uliotangulia huu. Wewe ni mwanafunzi wa chuo cha teknolojia. Ni usiku, nje kuna dhoruba ya theluji, insha inatakiwa kesho. Unakaa kwenye kompyuta ya chuo uimalizie, unakuta faili lako limechanganyika na maandishi ambayo hukuyaandika. Kuanzia hapo unashuka, na kadiri unavyoshuka chini ya majengo ndivyo mambo yanavyoharibika. Chuo ni cha kubuni, ila ni MIT iliyovalishwa jina jingine: korido isiyokwisha, kuba kubwa, mahandaki ya mabomba ya mvuke.

Nimeuchagua kwa sababu ya Juni. Hapa ukungu unashuka kutoka mlima Loleza saa kumi na mbili jioni, na mtu aliyejifunika blanketi kando ya jiko la mkaa hahitaji kuelezwa sana kwamba nje ya ukuta kuna baridi.

Nakala ninayo kihalali. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliporudi kwao aliniachia boksi la The Lost Treasures of Infocom, mkusanyiko wa mwaka 1991 wenye michezo 20, huu ukiwemo. Limekaa juu ya kabati miaka mingi. Ndani kuna flopi, zile diski za zamani za kompyuta, na kitabu.

9 Juni. Flopi zenye kuvu

Laptopi za leo hazina mahali pa kuchomeka flopi. Draivu ya USB niliagiza Dar es Salaam: 45,000, na mzigo wa basi 6,000.

Kosa la kwanza, na ni kubwa. Flopi niliyoihitaji ilikuwa na madoa ya kuvu, kama maharage yaliyowekwa guniani kabla hayajakauka. Niliyaona, nikaichomeka hivyo hivyo. Kuvu likahamia kwenye kichwa cha kusomea, na tangu hapo hata flopi nzima zilikuwa hazisomeki. Nilidhani nimeuziwa draivu mbovu. Siku mbili zikapotea kwenye kulaumu watu wasiohusika.

Dawa: sukuma kile kibati cha flopi, zungusha sahani ya ndani taratibu kwa kidole kwenye kitovu chake, pitisha pamba yenye spiriti pande zote mbili, acha ikauke nusu saa. Kichwa cha draivu nacho kisafishe vivyo hivyo. Kisha usinakili kwa njia ya kawaida. Tumia ddrescue, programu ya bure inayorudia kusoma sehemu zilizogoma badala ya kukata tamaa mara moja. Mimi niliiacha usiku kucha.

Asubuhi nilipata faili kamili kwa ukubwa, lakini ukubwa hauthibitishi kitu. Michezo ya Infocom ina amri iliyofichwa, $VERIFY, inayojumlisha yaliyomo kwenye faili na kulinganisha na hesabu iliyohifadhiwa mwanzoni mwake. Nakala yangu ya kwanza ilishindwa. Nikasafisha tena, nikasoma tena. Ya pili ikapita. Ukikwepa hatua hii unaweza kucheza wiki tatu ndipo ugundue chumba fulani kimeharibika.

Kuuendesha ni rahisi. Faili lile ni hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya kufikirika, mashine Z, na programu ya bure iitwayo Frotz inaiigiza mashine hiyo kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 1987 wenyewe walifanya hivyo ili mchezo mmoja uende kwenye kompyuta za kila aina, na ndiyo sababu mpaka leo unafunguka.

15 Juni. Nywila

Nilikwama dakika ya kwanza. Kompyuta iliyo ndani ya mchezo inadai namba ya mwanafunzi na nywila, na mchezo haukupi. Zamani boksi lilikuja na kitambulisho cha chuo kilichochapishwa vitu hivyo viwili, ili aliyeiba nakala asiende popote. Kwenye mkusanyiko wa 1991 kitambulisho kimehamishiwa kitabuni. Kitabu changu kililowa mvua mwaka fulani na kurasa zimegandana.

Nilivuta, nikachana ukurasa mmoja. Acha kuvuta. Mama mmoja anayeuza chai jirani aliniambia nifanye kama anavyobandua karatasi kwenye sukari guru: mvuke wa birika, kidogo kidogo, na kisu butu. Kurasa zikaachana, namba ikasomeka. Sitaiandika hapa, mwenye mchezo atakuwa na kitabu.

22 Juni. Jioni ya kwanza, imeshindikana

Wasikilizaji saba: mpwa wangu wa kidato cha pili, binti wa jirani anayesomea ushonaji, mzee anayeleta viazi kutoka Isongole, mama wa chai, vijana watatu wa bodaboda. Skrini nimeigeuzia kwao, mimi nasoma na kutafsiri papo hapo.

Haikwenda. Kila aya nilisimama katikati kutafuta neno, nikarudi nyuma kusahihisha, na hofu haingojei mtu anayerudi nyuma. Waliuliza maswali ya heshima, wakaaga mapema.

Jioni iliyofuata nilijaribu kinyume chake: nikapitisha maandishi kwenye programu ya kutafsiri ya bure. Mahali ambapo mchezo unakuonya kwamba baridi imeanza kukuua, skrini ikasema: "Wewe ni kufungia." Vijana wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Siwalaumu. Ila baada ya kicheko hicho hakuna kitu kilichoweza kuwatisha tena usiku ule.

30 Juni. Kaunta buku

Nilichofanya wiki hii ndicho kilichouokoa mradi. Amri ya SCRIPT inahifadhi kila kinachoandikwa kwenye skrini. Nilicheza peke yangu usiku, nikachapa yaliyohifadhiwa (kurasa 24), kisha nikaandika upya kila chumba kwa mkono kwenye kaunta buku, ukurasa mmoja kwa chumba kimoja. Juu ya ukurasa, jina la chumba kama linavyotokea kwenye skrini ili nilipate haraka. Chini, maelezo ya Kiswahili yaliyokwisha kuiva.

Sikutafsiri sentensi kwa sentensi. Nilisoma chumba, nikafunga laptopi, nikajiuliza ningemwelezaje mtu aliyekaa gizani nami. Mambo matatu yalinichukua muda.

Theluji. Neno wanalo wote, kitu chenyewe hakuna aliyekiona. Niliposoma "theluji" walisikia jambo zuri la kwenye kalenda. Mzee wa viazi ndiye aliyenipa njia. Alisema asubuhi za Julai kule juu, Kitulo na kwingineko, umande unaganda na majani ya viazi yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Sasa nasema: "Nje baridi inaunguza. Ukikaa, utakuwa kama shamba la viazi lililopigwa na umande ulioganda." Mara moja waliacha kutaka kutoka nje ya jengo.

Watu. Yule kijana mahiri anayeshinda kwenye chumba cha kompyuta nilimwita mtaalamu, likapooza. Mpwa wangu akamwita "kaka wa kompyuta", na sasa kila mtu anamjua: njaa inamuuma, hataki kusumbuliwa, na funguo za chuo anazo yeye. Aliyesimama kwenye korido ndefu na mashine ya kupiga nta sakafu, tunamwita mtu wa usafi, basi. Jina la kawaida likitajwa kwa sauti ya chini linatisha kuliko jina la ajabu.

Ukimya. Maandishi ya Lebling yanaeleza kidogo na kuacha. Mimi nilikuwa naongeza. Nilikata karibu nusu ya viongezo vyangu.

7 Julai. Amri kwa Kiswahili, na herufi K mbili

Mpaka hapa mimi ndiye nilikuwa nageuza amri zao kuwa Kiingereza. Binti wa jirani akauliza kwa nini yeye asiandike mwenyewe. Swali halali. Sitaki kuligusa faili la mchezo, basi nimeandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Python, inayokaa katikati: inapokea Kiswahili, inageuza, inaipa dfrotz, ambayo ni Frotz isiyo na mapambo, inayopokea na kutoa mistari mitupu.

Skripti iliganda mara ya kwanza kabisa. Sababu: nilisoma majibu mstari kwa mstari, lakini alama ya > ambayo mchezo unaitoa kungoja amri haifuatwi na mstari mpya, kwa hiyo skripti ilingoja mwisho wa mstari usiokuja. Soma herufi moja moja mpaka ufike kwenye mstari mpya unaoanza na >, ndipo upokee amri. Pia iwashe dfrotz kwa -m, la sivyo inasimama katikati ya maandishi marefu kungoja ubonyeze kitufe.

Kisha pande za dunia. Wachezaji wa Kiingereza wanaandika herufi moja: n, s, e, w. Nikafanya hivyo hivyo bila kufikiri. Kaskazini na kusini zote K. Mashariki na magharibi zote M. Herufi mbili hazisaidii kwa M, kwani zote ni "ma". Nimeweka kz, ks, ms, mg, na kila mmoja alizishika jioni moja isipokuwa mzee, ambaye anasema "panda", "shuka", na "kule tulikotoka". Hilo la tatu mchezo hauna amri yake. Nimeifanya skripti ikumbuke hatua ya mwisho na kuigeuza. Inafanya kazi karibu kila mara. Inakosea ukiwa umepita mahali ambapo njia ya kurudi si kinyume cha njia ya kwenda, na michezo hii ina mahali pa namna hiyo.

14 Julai. Ufunguo na ufungue

Kosa hili naliandika kwa urefu kwa sababu nadhani kila atakayejaribu atalifanya.

Mchezo wenyewe, kwa kubana nafasi, unatazama herufi sita tu za mwanzo za kila neno. Ukiandika "flashl" unaeleweka umetaja tochi. Nikaona ni busara: herufi sita zitasamehe makosa ya uchapaji. Nikaikata kamusi yangu ya Kiswahili kwenye herufi sita.

Binti akaandika "ufungue mlango". Skripti ikajibu kwamba ufunguo hauna mlango. Akarudia. Ikajibu vile vile. "Ufunguo" na "ufungue", ukikata herufi ya saba, vyote ni "ufungu". Kiingereza kinaweka maana mwanzoni mwa neno, ukikata mkia hupotezi mengi. Kiswahili kinaweka mengi mkiani, na mengine mbele ya shina. Nimeondoa ukataji wote. Anayekosea herufi aandike tena.

Hapo ndipo nilipoona tatizo lenyewe. Kamusi yangu ilikuwa na "chukua", "fungua", "washa". Watu hawasemi hivyo. Wanasema "ichukue", "lifungue", "iwashe". Nikaandika kanuni: ondoa kiambishi cha mbele (i, li, u, ki, vi, zi, ya, m, wa), badilisha e ya mwisho iwe a, tafuta kwenye kamusi. Ikavuruga maneno yasiyo na kiambishi. "Kimbia" ikawa "mbia". "Ingia" ikawa "ngia". "Uliza" ikawa "liza", na skripti ikasema haijui kumliza mtu.

Sasa utaratibu ni huu, na mpangilio wake ndio wenye maana. Kwanza tafuta neno zima kwenye kamusi, likiwepo, usiliguse. Lisipokuwepo na likiishia na e, ndipo uvue kiambishi. Halafu kuna vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo havibadiliki mwisho: jaribu, subiri, jibu. Mtu anasema "lijaribu", hakuna e. Hivyo nimeviorodhesha peke yake, ni kumi na tisa tu kwa mchezo huu.

Maneno yenye kazi nyingi yana ukurasa wake kwenye kaunta buku. "Funga" ni kufunga mlango, kufunga kwa ufunguo, na kufunga kamba. Skripti inatazama kinachofuata: kukiwa na "kwa ufunguo" inatuma amri ya kufungia, kukiwa na kamba inatuma ya kukaza fundo, vinginevyo ya kufunga kawaida. "Piga" sikuimaliza. Piga kelele, piga mtu, piga hodi, piga teke: kila mmoja umepewa mstari wake, na kila jioni unatokea mwingine.

21 Julai. Ngeli zinakumbuka

Wiki nzuri kuliko zote.

Mchezo unaelewa neno "it" kuwa kitu cha mwisho kilichotajwa. Basi mimi nilikuwa nageuza kila kiambishi kuwa "it". Mpwa wangu alikuwa ameshika tochi, tukasoma habari za jokofu kule jikoni, akaandika: "iwashe kwanza, halafu lifungue". Mchezo ulijaribu kuwasha jokofu.

Akaniambia, "Mjomba, si nimesema i? Jokofu ni li."

Nilikaa kimya. Kijana yuko sahihi kabisa, na mchezo wa Kiingereza hauna namna ya kulijua hilo, lakini skripti yangu inaweza. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote. Sisi tunacho kwa kila ngeli. Nikatengeneza kumbukumbu yenye visanduku: kimoja cha i, kimoja cha li, cha u, cha ki, na kuendelea. Kila kitu kikitajwa na mchezo au na mchezaji, kinawekwa kwenye kisanduku cha ngeli yake. Anayeandika "iwashe" anapata tochi hata kama vitu vitatu vimetajwa katikati. Anayeandika "lichukue" anapata lile jiwe laini, si tochi. Tumetoka hatua kumi bila mtu kutaja jina la kitu, na mchezo ukaelewa zote. Wanaoucheza kwa Kiingereza hawana raha hiyo.

Mipaka ipo. Maneno ya kukopa yanajazana kwenye i: tochi, maikrowevu, kompyuta. Na jikoni jokofu na boksi la chakula vyote ni li. Kitu cha karibuni ndicho kinachotangulia, vikitajwa pamoja kwenye jibu moja, skripti inauliza: "Jokofu au boksi?" Mwanzoni niliiacha ichague yenyewe na ikatuharibia. Afadhali iulize.

(Jioni hii ndiyo tuliyompashia kaka wa kompyuta chakula chake cha Kichina, naye akatupa ufunguo. Mama wa chai alifurahi. Alisema tangu mwanzo kwamba yule mtoto ana njaa tu.)

27 Julai. Umeme

Umeme ulikatika saa mbili kasoro, betri ya laptopi imechoka, tukapoteza saa moja na nusu. Ilikuwa jioni ya kwanza ambayo mzee mwenyewe ndiye aliyeongoza. Iliniuma sana kwa ajili yake.

Kuhifadhi kulikuwepo, ila skripti iliganda kila nikijaribu, nikawa naahirisha. Sababu ni ndugu ya ile ya tarehe 7: amri ya SAVE inauliza jina la faili na swali hilo linaishia na nukta mbili, si >. Nimeiongeza. Sasa skripti inahifadhi yenyewe kila baada ya amri kumi, kwa jina lenye namba inayopanda, na haifuti za zamani. Usifute za zamani. Mchezo huu unakuruhusu kuharibu jambo mapema na usijue mpaka baadaye sana, na dawa pekee ni kurudi nyuma ya kosa. Betri mpya: 70,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ningeinunua kwanza.

3 Agosti. Neno moja

Bibi wa mmoja wa watoto wa jirani alikuja dukani asubuhi. Nilimwamkia, akaitika, akakaa. Akasema, "Mwanangu, mtoto hajalala. Anasema dukani kwako kuna profesa anatoa watu kafara."

Yule mtoto ana miaka tisa. Sikumwalika, ila sikumzuia. Alikaa nyuma ya vijana wa bodaboda na mimi nikajifanya sijamwona kwa sababu baraza lilikuwa limejaa na nilifurahi limejaa. Chuoni mle kuna idara ya alkemia, na profesa wake amechora duara la mambo yake sakafuni na anamtaka mwanafunzi. Mimi nilisoma "kafara" kwa sauti kubwa, nikijivuna kwamba nimepata neno linalotisha kuliko la Kiingereza.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu kwamba hapa kwetu hilo neno watu wamelilia. Ni kweli, na nilipaswa kulijua bila kuambiwa. Mtu wa umri wangu katika mkoa huu anakumbuka miaka ya wachuna ngozi, wale waliokuwa wakiua watu na kuwachuna, jinsi wazazi walivyokuwa wanatuita ndani kabla jua halijazama. Kwa Lebling na wasomaji wake, mambo ya profesa yule ni ya kwenye vitabu vya zamani. Kwetu neno lile lina majina ya watu ndani yake.

Nilimwomba radhi yeye, jioni nikaenda nyumbani nikamwomba mtoto. Nilimwonyesha kaunta buku, nikamsomea ukurasa wa jikoni, mchana, mlango wazi, na yeye akashika tochi ya kweli.

Mabadiliko niliyofanya: chini ya miaka 15 hakai. Kabla ya kuanza nasema kwa ufupi jioni hiyo kuna nini. Ukurasa wa profesa nimeuandika upya. Neno lile halimo. Sasa unasema kwamba profesa anakutazama wewe, kisha anatazama duara, kisha anafunga mlango. Vijana waliousikia mara zote mbili wanasema wa pili ndio uliowakaza koo.

10 Agosti. Mkono

Wiki ya Nanenane hatukucheza, nusu ya watu walikuwa viwanja vya John Mwakangale wakiuza au wakitazama. Leo tumerudi.

Kuna mkono uliokauka kwenye mchezo huu, mkono peke yake, ambao ukitendewa jambo fulani unapata uhai na kuanza kutembea kwa vidole. Sitasema ni jambo gani. Kwenye kamusi yangu mkono uko kisanduku cha u: "uchukue", "uweke chini". Ulipoanza kutembea, binti wa jirani aliandika: "mshike".

Skripti ilikataa. M ni ya watu na wanyama, na hakuna aliyetajwa. Nikaanza kumweleza, nikakatishwa na ukimya. Wote walikuwa wameliona neno lile kwenye skrini. Kijana mmoja wa bodaboda akasema taratibu, "Kumbe ni mtu," akavuta blanketi.

Niliikagua kaunta buku usiku huo huo. Nilikuwa nimeandika "mkono unatembea". Nimefuta, nimeandika: "Mkono anatembea." Maneno mawili. Kiingereza hakina njia ya kusema hivi, na sidhani nitapata tena kitu kizuri kama hicho kwenye mradi huu. Kwenye skripti, mkono sasa unahama kisanduku: ukiwa mkavu ni u, ukifufuka ni m. Ilibidi nifuatilie jibu la mchezo ili nijue wakati wa kuuhamisha, mistari sita tu.

24 Agosti. Tulipofika

Alama 35 kati ya 100. Tumekwama kwa mtu wa usafi kwenye korido, jioni ya tatu hii. Hatutafuti majibu mahali. Mzee amekataza, na amesema ana wazo juu ya waya wa ile mashine.

Gharama hadi leo: draivu na mzigo 51,000, spiriti na pamba 3,500, karatasi na wino wa kurasa 24, 2,400, kaunta buku mbili 10,000, betri 70,000. Jumla 136,900. Chai na mkaa wanachanga wenyewe, 500 kila mtu. Frotz, Python na ddrescue ni bure.

Yaliyobaki kwenye skripti: "piga", vitu vya wingi ("vichukue vyote" inachukua kimoja tu), na "mpe", ambayo inampa mtu wa mwisho aliyetajwa hata kama ameshakufa. Kaunta buku ya pili imefika ukurasa wa mahandaki ya mvuke. Kwa "mvuke" nimeandika kwanza maneno matatu tofauti na yote nimeyakata. Nitamuuliza mama wa chai.